Njia ya Mkojo Ndani ya Tezi Dume: Ichore Kwanza, Ndipo Ushike Katheta

Njia ya mkojo ya mwanaume mzima ina urefu wa takriban sentimita 18 hadi 20. Katika hizo, ni sentimita 3 hadi 4 tu zinazopita ndani ya tezi dume. Hizo chache ndizo zinazomwamsha mzee usiku kucha kwenda msalani, ndizo zinazofunga mkojo siku moja bila taarifa, na ndizo zinazomtoa jasho muuguzi wa zamu katheta, yaani mpira wa mkojo, inapogoma.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi au utabibu, na wa mhudumu wa kituo cha afya ambaye usiku wa manane hana daktari bingwa wa kumpigia simu. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma ili ajue baba yake anafanyiwa nini, ila katheta aiache mikononi mwa aliyefundishwa. Na mwanafunzi asijaribu peke yake: mara za kwanza awe na msimamizi pembeni.

Tutaanza na karatasi, kisha twende kitandani. Najua wengi wana haraka ya kufika kitandani. Lakini majeraha mengi ya katheta yanatokana na mkono unaosukuma kitu kwenye njia ambayo kichwa hakiijui. Njia hii inapinda, na anayejua inapopindia hahitaji nguvu.

Hatua ya 1: Weka majirani mahali pao

Chukua karatasi, penseli na rula. Tunachora mwili uliokatwa katikati kutoka juu hadi chini, mwanaume akiwa amesimama na uso wake ukielekea kushoto kwako. Kushoto kwa karatasi basi ni mbele ya mwili, kulia ni nyuma. Chora kila kitu mara mbili ya ukubwa wake halisi ili upate nafasi ya kuandika.

Juu weka kibofu cha mkojo. Kushoto, chini kidogo, mfupa wa kinena. Kulia shusha puru, mrija wa haja kubwa. Chini kabisa piga mstari mnene wa kulala: hiyo ni misuli ya sakafu ya nyonga.

Nafasi inayobaki katikati ni ya tezi dume. Kwa kijana mwenye afya ina uzito wa gramu 20 hivi, kimo cha sentimita 3, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2 kutoka mbele kwenda nyuma. Imesimama kichwa chini: kitako chake kipana kiko juu, kimeshikamana na shingo ya kibofu, na ncha yake iko chini, imekalia misuli ya sakafu ya nyonga. Kwenye karatasi yako iwe na kimo cha sentimita 6 na unene wa sentimita 4. Upana hauonekani kwa upande huu. Isogeze karibu sana na puru, kwa sababu hapo katikati kuna utando mwembamba tu, na ndiyo maana kidole cha daktari huifikia kwa kupitia njia ya haja kubwa.

Hatua ya 2: Pitisha njia, na uipinde

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupiga mstari mmoja ulionyooka katikati ya tezi, kutoka juu hadi chini, wakafunga daftari. Mstari huo una makosa mawili. Njia haipiti katikati. Iko karibu zaidi na uso wa mbele. Na haijanyooka.

Weka nukta tatu. Ya kwanza kwenye kitako cha tezi, upande wa mbele, pale kibofu kinapoishia. Ya pili katikati ya kimo cha tezi, lakini isogeze nyuma kidogo. Ya tatu kwenye ncha, uirudishe mbele kidogo. Sasa unganisha. Unapata mstari unaoshuka ukielekea nyuma, unafika katikati, kisha unageuka na kushuka ukielekea mbele. Kona hiyo ya katikati ni ya nyuzi 35 hivi. John McNeal, mtaalamu wa patholojia wa Marekani aliyeichora upya ramani ya tezi dume kuanzia miaka ya 1960, aliipa kona hii uzito mkubwa. Aligawa njia yote ya ndani ya tezi kuwa nusu ya juu na nusu ya chini, na kona ndiyo mpaka.

Sasa usome mchoro wako kwa kurudi nyuma, yaani kwa mwelekeo ambao katheta husafiri. Ikiingia kutoka chini inapanda, inafika kwenye kona, halafu lazima igeukie mbele ili iingie kibofuni. Katheta isiyojua kugeuka itagonga ukuta wa nyuma. Andika hilo kwa herufi kubwa pembeni ya mchoro, maana tutalirudia.

Malizia mstari chini ya tezi. Kwanza sentimita 1 na nusu hivi unapenya misuli ya sakafu ya nyonga. Halafu unaingia kwenye bulbu, sehemu pana kidogo iliyoko msambani, ambako sakafu yake imelegea na kubonyea kwa nyuma. Kutoka hapo njia inapinda kuelekea mbele, inapita chini ya mfupa wa kinena, kisha inaning'inia pamoja na uume. Njia nzima basi ina mikunjo miwili mikubwa. Ule wa mbele, kwenye shina la uume, unanyooka ukiinua uume juu. Ule wa chini ya mfupa wa kinena haunyooki kwa mkono wako. Ni wa kuufuata.

Hatua ya 3: Weka kilima

Rudi kwenye nukta ya pili, pale penye kona. Kwenye ukuta wa nyuma wa njia chora uvimbe mdogo wa mviringo. Ndicho kilima cha manii, ambacho madaktari wa upasuaji hukiita verumontanamu, au veru kwa kifupi. Ni kidogo sana, lakini sijui alama nyingine katika mwili wa mwanaume yenye mambo mengi hivyo kwenye eneo dogo hivyo.

Ukutani pale nyuma kuna tuta linaloshuka kwa urefu, na kilima ni sehemu ya tuta hilo iliyoinuka zaidi. Kwa kuwa tuta linasukuma kutoka nyuma, ukikata tezi mkato wa kulala, tundu la njia halionekani duara. Lina umbo la mwezi mchanga, mgongo wake ukitazama mbele na pembe zake mbili zikitazama nyuma. Chora mkato huu pembeni ya karatasi, kwa sababu mchoro wa upande hauwezi kukuonyesha hizo pembe. Ndani ya pembe hizo, kulia na kushoto kwa tuta, ndimo vinamofunguka vijitundu vya mirija ya tezi yenyewe inayomwaga majimaji yake.

Juu ya kilima kuna tundu dogo katikati. Linaingia kwenye kifuko kisicho na mlango wa pili, chenye urefu wa milimita chache, kiitwacho utrikuli. Ni mabaki ya mirija ya awali ambayo kwa mtoto wa kike hukua ikawa mfuko wa uzazi. Mwanaume anabaki nayo hapo, haina kazi inayojulikana, na mara nyingi hufa bila kuwa na habari zake.

Kulia na kushoto kwa tundu hilo kuna matundu mawili membamba zaidi. Hapo ndipo mirija ya kumwagia manii inapofika mwisho. Kila mmoja umetokana na kuungana kwa mrija wa mbegu kutoka korodani na kifuko cha manii kilichoko nyuma ya kibofu, ukapenya tezi kwa sentimita 2 hivi hadi kilimani. Kwa hiyo kutoka kilimani kwenda juu njia ni ya mkojo peke yake, na kutoka kilimani kwenda chini ni ya mkojo na manii kwa pamoja. Chora mirija hiyo miwili ikishuka kutoka nyuma kwa mshazari, ikiishia kwenye kilima.

Daktari anayekwangua tezi dume kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya uume hukitafuta kilima kabla hajakata chochote. Akikiona anajua yuko wapi. Kilichoko juu yake anaweza kukikata. Akishuka chini yake anakaribia msuli unaozuia mkojo usivuje, na kosa la hapo mgonjwa ataishi nalo kwa nepi.

Hatua ya 4: Weka misuli miwili ya kubana

Msuli wa kwanza, sfinkta ya ndani, uchore kama pete kwenye shingo ya kibofu ukishuka kidogo kuizunguka nusu ya juu ya njia. Haumtii mwenye mwili. Unaendeshwa na neva zinazojifanyia kazi zenyewe. Wakati wa kumwaga manii unajifunga, ili manii yaende mbele yasirudi kibofuni.

Ukilielewa hilo utaweza kumjibu mzee anayekuuliza kwa sauti ya chini kwa nini baada ya upasuaji, au baada ya kuanza vidonge vya tamsulosini, anafika kilele lakini hakitoki kitu. Dawa hiyo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi ili mkojo upite kwa urahisi, na upasuaji mara nyingi huondoa sehemu ya pete hiyo. Baada ya upasuaji manii hurudi kibofuni na kutoka na mkojo baadaye. Halimdhuru. Lakini aambiwe kabla, asije akaligundua peke yake na kudhani nguvu za kiume zimekwisha.

Msuli wa pili, sfinkta ya nje, uko chini ya ncha ya tezi, kwenye zile sentimita 1 na nusu zinazopenya sakafu ya nyonga. Huu tunautawala wenyewe. Ndio unaoubana ukiwa kwenye basi na kituo bado kiko mbali. Mgonjwa akiogopa, akisikia baridi au akisikia maumivu, anaubana bila kujua, na katheta inasimama hapo hapo. Wengi wakifika hapo hudhani wamegonga tezi. Wamegonga hofu.

Hatua ya 5: Paka rangi maeneo

Kama una penseli za rangi, zitumie. McNeal aliigawa tezi kwa maeneo, na kila eneo lina tabia yake.

Eneo la pembeni ndilo kubwa, karibu asilimia 70 ya nyama ya tezi. Limekaa nyuma na ubavuni, na linaizunguka nusu ya chini ya njia. Saratani nyingi za tezi dume huanzia hapa, mbali na njia ya mkojo, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na saratani huku mkojo wake ukitoka bila shida yoyote. Eneo la kati, asilimia 25 hivi, linaizingira mirija ya kumwagia manii kutoka kitako hadi kilimani. Saratani huanzia humo mara chache. Mbele kabisa kuna nyama ya misuli na nyuzi isiyo na vitezi.

Linabaki eneo la mpito. Kwa kijana ni asilimia 5 tu: vipande viwili vidogo, kimoja kila upande wa nusu ya juu ya njia, juu tu ya kilima. Vipande hivyo ndivyo vinavyokua umri unapopanda na kuleta ule uvimbe usio wa saratani ambao watu wanauita ugonjwa wa tezi dume. Kwa kuwa vimeikumbatia njia kulia na kushoto, vikikua vinaibana ibaki mwanya wa kusimama, mwembamba kama karatasi, na vinairefusha pia. Kona ya nyuzi 35 inazidi kuwa kali. Wakati mwingine nyama inakua kwenda juu, inachungulia kibofuni kutoka nyuma na kuziba mlango kila mzee anapojaribu kukojoa.

Kwa hiyo ukubwa wa tezi hauendi sambamba na taabu ya mgonjwa. Nyama ndogo iliyoota pabaya inaweza kufunga mkojo, na tezi kubwa iliyokua kwa pembeni ikakaa kimya miaka.

Hatua ya 6: Linganisha na kidole

Mgonjwa akilala kwa ubavu wa kushoto na kukunja magoti, kidole chenye glavu na jeli kinaigusa tezi kupitia ukuta wa mbele wa puru. Unachokigusa ni eneo la pembeni, na mfereji mfupi wa katikati unaotenganisha kulia na kushoto. Tezi ya kawaida au iliyovimba bila saratani ni laini yenye kunepa, kama nyama iliyo chini ya kidole gumba mkono ukiwa umekunjwa ngumi. Kigumu, chenye vinundu, au kilichopoteza mfereji wake kinahitaji daktari bingwa. Njia yenyewe ya mkojo huigusi, na nyama iliyochungulia kibofuni huigusi pia. Usimwambie mgonjwa kwamba hana shida kwa sababu kidole hakikuona kitu. Tezi yenye moto na maumivu makali, mgonjwa akiwa na homa, usiikande wala usiipitishie katheta. Hiyo ni ya kupewa rufaa.

Hatua ya 7: Kabla ya kufungua paketi

Sasa weka mchoro mbele yako. Mzee amelala kitandani, tumbo la chini limejaa, hajakojoa tangu asubuhi.

Salimia kwanza. "Shikamoo mzee. Pole sana. Nitakuwekea mpira wa mkojo ili upate nafuu. Nitakwambia kila ninachofanya, na ukisikia maumivu uniambie nisimame." Maneno haya yanalegeza sfinkta ya nje kuliko unavyodhani. Ziba kwa pazia, na ndugu wasubiri nje isipokuwa yeye mwenyewe akitaka mtu abaki.

Halafu uliza kama ameanguka, amegongwa au amepata ajali. Tazama tundu la mkojo. Kukiwa na damu hapo baada ya ajali, au mfupa wa nyonga umevunjika, usipitishe katheta kabisa. Tezi imefungwa kwenye mfupa wa kinena kwa kano, na njia chini yake imeshikwa na sakafu ya nyonga. Mfupa ukihama, njia inaweza kukatika katikati ya vishikizo hivyo viwili. Katheta hapo hugeuza mpasuko mdogo kuwa mkubwa. Mgonjwa huyo anahitaji picha ya eksirei yenye dawa, na mkojo utolewe kwa sindano au katheta kupitia ukuta wa tumbo juu ya kinena na anayejua kufanya hivyo.

Chagua katheta. Namba iliyoandikwa juu yake imetokana na kipimo cha Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Paris wa karne ya 19: kila namba moja ni theluthi ya milimita ya kipenyo. Namba 16 basi ina kipenyo cha milimita 5 na kidogo. Kwa tezi iliyovimba chukua 16, au hata 18. Usikimbilie nyembamba: nyembamba inalegea, inajikunja kwenye kona na kurudi. Nyembamba, 12 au 14, inafaa pale unaposhuku kovu lililoibana njia, kwa mfano kwa mtu aliyewahi kuugua kisonono au kuumia msamba. Na iwe ya urefu wa kiume, sentimita 40 na ushee. Mwaka 2009 wakala wa usalama wa wagonjwa nchini Uingereza ulitoa tahadhari kwa hospitali zote kwa sababu katheta fupi za wanawake zilikuwa zinawekwa kwa wanaume: zinaishia ndani ya tezi, na puto la kuishikilia katheta kibofuni linajazwa humo humo. Pima hilo kwenye mchoro wako, utaelewa bila kuelezwa zaidi.

Hatua ya 8: Pitisha

Nawa, vaa glavu safi zilizotakaswa, tandika kitambaa chenye tundu. Kama hajatahiriwa, vuta govi nyuma. Safisha kichwa cha uume kutoka kwenye tundu kwenda nje. Ingiza taratibu jeli ya lignokeini mililita 10 hadi 15, bana kichwa cha uume kwa vidole isirudi, na usubiri dakika 5. Dakika 5 za saa ya ukutani. Jeli inapanua njia na kulainisha, na ganzi inahitaji muda. Wanaoruka kusubiri ndio wanaorudi kulalamika kwamba mgonjwa ni mgumu.

Shika uume uusimamishe wima kutoka mwilini, ukiuvuta kidogo. Umeondoa mkunjo wa kwanza. Sukuma katheta polepole. Itateleza bila shida sentimita 15 hivi, kisha itasita. Uko bulbuni, kwenye mlango wa sfinkta ya nje. Usisukume. Acha ncha ikae hapo, mwambie mzee avute pumzi ndefu, aitoe taratibu, na ajaribu kukojoa. Anapojaribu, sfinkta inafunguka, na mkono wako unasonga naye. Kuushusha uume kidogo kuelekea mapajani pia husaidia ncha kufuata mkunjo wa pili.

Ukishapita hapo umeingia ndani ya tezi. Hapa mwendo uwe ule ule, bila kusitasita wala kuchomachoma. Mkojo ukianza kutoka usifurahi mapema: endelea kusukuma mpaka panda ya katheta, pale inapogawanyika, iguse kichwa cha uume. Matundu ya katheta yako nchani na puto liko nyuma yake, kwa hiyo mkojo unaweza kutoka huku puto bado limo ndani ya tezi. Na tezi iliyovimba imeirefusha njia, kama ulivyochora.

Hatua ya 9: Ikigoma

Jiulize imegoma wapi, kwa kutazama urefu ulioingia. Ikiwa ni mapema, kwenye shina la uume, pengine ni kovu. Jaribu moja nyembamba kwa upole, na ikikataa acha. Ikiwa ni sentimita 15 au 16, ni sfinkta. Ongeza jeli, subiri, zungumza na mzee. Ikiwa ni ndani zaidi, ni kona ya tezi au shingo ya kibofu.

Kwa kona kuna katheta ya ncha iliyopinda, na aliyeibuni alikuwa ameelewa mchoro huu. Ncha yake ielekee juu, yaani upande wa kitovu mgonjwa akiwa amelala chali, na ibaki hivyo mwanzo hadi mwisho. Nyingi zina alama kwenye panda inayokuonyesha ncha inatazama wapi; isipoteze uelekeo. Inapofika bulbuni inapaa juu ya sakafu iliyobonyea, inapofika kilimani inateleza mbele pale ambapo katheta iliyonyooka ingechimba ukuta wa nyuma. Katheta ikichimba inatengeneza njia ya uongo, tundu jipya ndani ya nyama, na kila katheta ya baadaye itapenda kuingia humo humo.

Jaribio la pili likishindikana, simama. Damu ikitoka, simama. Usitumie waya wala chuma cha kunyoosha katheta kama hujafundishwa kukitumia. Mpe mgonjwa dawa ya maumivu na umpatie usafiri.

Hatua ya 10: Puto, na baada yake

Panda imefika, lakini mkojo hautoki. Pengine jeli imeziba matundu. Bonyeza tumbo la chini kwa upole, au ingiza mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi yaliyotakaswa kwa bomba la sindano na uyavute. Yakirudi na mkojo, uko kibofuni. Yasiporudi, usijaze puto, ondoa katheta.

Ukiwa na hakika, jaza puto kwa maji yaliyotakaswa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye katheta, mara nyingi mililita 10, na wakati unajaza tazama uso wa mzee, si bomba. Kibofuni puto halina maumivu ya kusema. Akikunja uso, vuta maji yote, sukuma katheta mpaka panda iguse tena kichwa cha uume, kisha ujaribu tena. Kisha ivute taratibu mpaka puto likalie shingo ya kibofu, na uifunge kwa plasta pajani au tumboni isije ikavutwa na mfuko ukijaa.

Rudisha govi mbele. Likisahaulika nyuma linavimba na kukikaba kichwa cha uume, na hiyo ni dharura uliyoitengeneza wewe.

Wengi walifundishwa kuubana mpira kila baada ya nusu lita. Siku hizi inakubalika kuuacha mkojo utoke wote, ila andika kiasi kilichotoka na umwangalie mgonjwa: presha, damu kwenye mkojo, na kasi ya mkojo saa zinazofuata. Akizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili au zaidi mfululizo, figo zinamwaga kuliko kawaida. Anahitaji maji, vipimo vya damu na macho ya karibu.

Katheta imefungua njia, haijatibu tezi. Kama hakuna kinachozuia, daktari humwanzishia tamsulosini au alfuzosini, na baada ya siku chache katheta hutolewa ionekane kama mkojo utatoka wenyewe. Ikishindikana, mahali pa kwenda ni kliniki ya urolojia, iwe Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au hospitali ya rufaa iliyo karibu. Kwenye barua ya rufaa andika namba na aina ya katheta, ilipogomea, mkojo uliotoka mara ya kwanza, ulichokigusa kwa kidole, na kiwango cha kreatinini. Anayesubiri upasuaji akiwa na katheta ya lateksi abadilishiwe ndani ya wiki 4; ya silikoni inaweza kufika wiki 12. Iandike tarehe hiyo kwenye kadi yake na umsomee mzee na aliyemleta, kabla hawajaondoka.